Kigoda Mbele ya Jicho la Bibi Nakijwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, hata mimi naifikia bila kuchoka, palikuwa na kijiji cha milimani kilichoitwa Kwamrindo. Sogeeni. Wewe unayechezea simu, iweke chini. Hadithi hii ina swali mwishoni, na mimi sirudii.

Watu wa Kwamrindo walilima tangawizi kwenye matuta ya mlimani. Njia zao zilikuwa nyembamba, huku ukingo wa mlima, huku bonde. Watu wawili hawakuweza kupishana mpaka mmoja ashuke kando. Kwa hiyo walikuwa na desturi yao. Mdogo akikutana na mkubwa, hushuka upande wa bonde, husimama kimya, hutazama chini. Haamkii kwanza, maana kwao huko ni kukosa adabu. Hungoja mkubwa aseme, "Pita, mwanangu." Neno hilo likishatoka, ndipo mdogo husema, "Shikamoo," wakaulizana habari za nyumbani, wakacheka, kila mmoja akaenda zake. Hata mlangoni kwa mtu ilikuwa vivyo hivyo. Mgeni, awe mkubwa awe mdogo, husimama kando ya mlango mpaka mwenye nyumba amwambie, "Pita."

Na asipoambiwa? Ee, asipoambiwa, ameshaambiwa kwamba yeye si mtu. Hugeuka akaondoka, na moyo wake unajua ulivyo. Msicheke. Na nyie mna zenu.

Basi Kwamrindo aliishi mjane mmoja, Bibi Nakijwa. Alikuwa mcheshi huyo! Akicheka kwake, ng'ambo ya bonde wanauliza kuna nini. Watoto wa jirani walishinda uani kwake wakila ndizi za kuchoma. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Eliapenda, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja huko mjini.

Ugonjwa ukamwingia Bibi Nakijwa machoni. Haukubisha hodi. Haukuuma, haukuwasha, haukutoa hata chozi. Presha ya macho, ndivyo unavyoitwa. Ulizima jicho moja taratibu, yeye akidhani ni uzee. Kisha ukaanza kulila la pili, na ukalila kuanzia pembeni. Mbele aliona vizuri sana. Aliweza kutunga uzi kwenye sindano. Pembeni hapakuwa na kitu. Wala hapakuwa na giza, maana angeliona giza angeshtuka. Hapakuwa na kitu tu, kama vile wewe hapo usivyoona kilicho nyuma ya kisogo chako na wala huna habari.

Sasa niambieni, watu wa Kwamrindo wanasimama wapi njiani? Kando. Na mlangoni? Kando.

Mmeanza kunielewa.

Wa kwanza kuumia alikuwa mwanawe, Eliapenda. Baba yake alipofariki yeye alikuwa safarini, na habari ilimfikia marehemu akiwa ameshazikwa. Akaja mbio, akiwa na hofu moyoni, hajui mama atampokeaje. Akafika nyumbani, akasimama kando ya mlango. Mama akatoka, akatazama mbele, akachukua ufagio, akarudi ndani. Eliapenda akangoja. Neno halikuja. Akasema moyoni, "Mama hajanisamehe." Akageuka na begi lake mgongoni, akashuka mlima akilia, mtu mzima na ndevu zake. Miaka ikapita bila kurudi.

Wa pili alikuwa Mama Tumsifu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwanawe Tumsifu, yule aliyependa ndizi za Bibi Nakijwa kuliko watoto wote, alishikwa na homa akapelekwa hospitali ya bondeni. Akafia huko, akazikwa hukohuko kwa babu yake. Mama Tumsifu aliporudi mlimani peke yake, nguo nyeusi mwilini, mtu wa kwanza kukutana naye njiani alikuwa Bibi Nakijwa. Mama Tumsifu akashuka kando. Akangoja. Alichotaka ni pole tu, pole ya mtu aliyempenda mwanawe. Bibi Nakijwa akapita, tena akijiimbia wimbo wake. Neno halikuja.

Jamani, hebu jiwekeni pale njiani.

Mama Tumsifu akaenda kisimani na kilio chake, akayamwaga yote. Na watu wengine nao wakasema, "Hata mimi alinipita." "Hata mimi." "Kumbe ni maringo! Mume kafa, kajiona malkia." Tangu hapo wakimwona anakuja, wanakata njia ya juu. Uani kwake hakukanyaga mtu, wala mtoto.

Na yeye? Yeye alijua tu kwamba dunia imenyamaza. Alitembea njia nzima asikutane na mtu. Alipika ndizi za watoto, zikapoa, akawapa kuku. Alikuwa akimimina chai vikombe viwili, kimoja akakiweka upande wa pili wa meza, kisha akakinywa na hicho mwenyewe ikishapoa. Alijiuliza amemkosea nani. Akahesabu wanakijiji wote kichwani, hakumpata. Akaanza kuzungumza na kuku. "Haya, we mwenye shingo tupu, habari za kwako?" Ndivyo alivyoishi. Upweke ule mimi simwombei hata mtu nisiyempenda.

Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Senkondo, mkubwa kwa Bibi Nakijwa, na alikuwa kipofu. Jicho moja lilikuwa limekufa kabisa. La pili lilibakiwa na mwanga kidogo, wa kujua huu ni mlango na huu ni ukuta, huu ni mchana na huu ni usiku. Yeye alipita njiani na fimbo yake akisema "Pita, pita" kwa kila kishindo cha mguu, hata cha mbuzi. Watu walimcheka kwa hilo. Siku moja Bibi Nakijwa akamparamia, wakaangukiana matutani.

"Nani wewe usiyeona kipofu?" akafoka mzee.

"Ni mimi, Nakijwa. Nisamehe, baba. Ulitokea wapi?"

"Nitokee wapi? Nimesimama hapa kando muda mrefu nakusikia unakuja."

Mzee akapapasa akaokota fimbo yake. Kisha akamuuliza, "Nakijwa, mlangoni unajigonga bega?"

"Kila siku."

"Kikombe kikiwa pembeni ya mkono, unakimwaga?"

"Nakimwaga."

"Na watu? Unakutana na watu njiani?"

Bibi Nakijwa akaanza kulia. "Watu wamenikimbia, baba. Sijui nilichowafanya."

"Hawajakukimbia," akasema Mzee Senkondo. "Mimi nilianza hivyo hivyo."

Mzee akampeleka zahanati, kipofu akimwongoza mwenye kuona, na kule zahanati wakampa dawa ya matone, ya asubuhi na jioni. Lakini mkono wa Bibi Nakijwa ulitetemeka, tone likaangukia shavuni. Mzee Senkondo naye amdondoshee vipi? Akaenda kubisha kwa Mama Tumsifu.

"Kwa yule?" Mama Tumsifu akasema. "Mzee, niombe kingine."

"Nakuomba hicho hicho."

Heshima ni heshima. Mama Tumsifu akaenda. Kila asubuhi alikwenda, kila jioni alikwenda. Alimkuta amekaa uani, akafungua kichupa, akamwinua kidevu, akadondosha tone, akaondoka. Hakumwamkia, hakuaga. Bibi Nakijwa aliuona mkono tu na kichupa, kwa sababu uso wa mwenye mkono ulikuwa juu zaidi ya pale jicho lake lilipofika. Wala hakuuliza ni nani, aliogopa akiuliza mkono ule nao utakimbia. Vile vidole vilivyomshika kidevu ndivyo pekee vilivyomgusa katika dunia yake yote, na alivingojea kuanzia alfajiri.

Msimu mzima wa tangawizi ukapita hivyo. Ndipo asubuhi moja Bibi Nakijwa akajikaza akasema, "Mwanangu, sijui wewe ni wa nani. Lakini ukipita kwa jirani, kwa Mama Tumsifu, nisalimie Tumsifu. Mwambie ndizi zake nachoma kila siku. Au ameshakua, ndiyo maana siku hizi haji?"

Kichupa kikamtoka Mama Tumsifu mkononi.

"Bibi," akasema, "Tumsifu alikufa."

"Alikufa lini?"

"Nilikupita njiani nikiwa na nguo nyeusi. Nilisimama kando."

Bibi Nakijwa akapapasa hewani mpaka akaupata uso wake, akaushika. Wakalia wote wawili mpaka kuku wakaingia ndani wakala unga na hakuna aliyewafukuza. Kuanzia siku hiyo Mama Tumsifu akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu, "Haoni pembeni! Yule mama haoni pembeni, si maringo!" Wengine waliamini. Wengine walisema, mbona uzi anatunga?

Lakini matone hayakutosha. Presha ilizidi, na tundu la kuonea likazidi kuwa dogo. Mzee Senkondo, ambaye siku ile alimsikia Eliapenda akishuka mlima akilia, akamtumia ujumbe mjini: "Siku ile mama yako hakukuona. Njoo." Eliapenda akaacha jiko la watu, akaja. Safari hii hakusimama kando. Alimkuta mama amelala na homa ya mawazo, akambeba mgongoni mpaka barabarani, akampeleka hospitali ya bondeni. Mama aliuhisi mgongo, akaisikia sauti, akamsamehe kosa ambalo hakuwahi kulishika. Uso hakuuona, maana siku zile presha ilikuwa imepanda, na hata pale katikati palijaa ukungu mtupu.

Mzee Senkondo naye alikuwa pale bencini. Daktari bingwa wa macho alikuwa amekuja kutoka mbali, na mzee alikuwa akimngojea kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, aokoe ule mwanga wake mdogo.

Daktari akamwambia Bibi Nakijwa, "Mama, nakueleza kweli tupu. Kilichokufa kimekufa, sikirudishi. Nitalinda kilichobaki. Nyie wa milimani mna ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mlango wa kutolea maji ukiziba, inakuwaje?"

"Maji yanajaa, ukuta unapasuka," akasema Bibi Nakijwa.

"Basi ndani ya jicho kuna maji. Lako limeziba, na maji yanaukandamiza mshipa wa kuonea. Zamani ningekata pakubwa, na ungelala kitandani siku nyingi. Sasa napitisha kibomba, chembamba kama ukope, kwenye kitundu ambacho hakihitaji hata kushonwa. Maji yatapata njia."

Kisha daktari akakuna kichwa. Alikuwa amewahudumia wengi, na vibomba vilikuwa vimekwisha. Kilibaki kimoja. Vingine havikujulikana vitakuja lini. Na zamu ilikuwa ya Mzee Senkondo.

Mzee akageuza uso dirishani, kwenye ule mwanga wake. Kisha akasema, "Mpe Nakijwa."

"Mzee, ukingoja, mwanga huo utazima."

"Nimesema mpe Nakijwa."

Akapewa. Bibi Nakijwa alikuwa macho muda wote, na hakusikia maumivu, alisikia tu mguso kama wa mdudu na sauti ya daktari ikimwambia atulie. Kesho yake daktari akampima, akafurahi. Presha imeshuka, ukungu utaondoka. Akalifunika jicho tena kwa ajili ya vumbi la njiani, akamwagiza Eliapenda, "Siku ya kufungua mtafungua wenyewe nyumbani. Ila mjue, ataona katikati tu. Ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mtu mmoja akikaa mbele yake, atamwona uso. Wa pili hatamwona. Na itadumu muda gani, hilo mimi siwezi kuahidi."

Wakarudi Kwamrindo. Na mwanga wa Mzee Senkondo ukazima kabla ya siku ya kufungua, kama alivyoambiwa.

Sasa sikilizeni desturi ya pili, kisha nimalize. Kule Kwamrindo, mtu akitoka kwenye ugonjwa mkubwa hafungui mlango wake mwenyewe. Hukalishwa ndani, mbele yake huwekwa kigoda, na mtu mmoja huingia, hukaa, wakatazamana. Huyo ndiye mfunguzi wake. Tangu siku hiyo mfunguzi hasimami tena kando ya mlango wa mtu huyo, maisha yake yote. Anaingia bila kungoja "Pita." Wanakula chungu kimoja, na atakayekufa kwanza huzikwa na mwenzake. Wengine wote hubaki wageni, husimama kando. Na mfunguzi ni mmoja. Hakuna wawili.

Asubuhi ikafika. Bibi Nakijwa akakalishwa ndani, kitambaa jichoni, kigoda mbele yake. Na uani ubishi ukaanza.

Eliapenda akasema, "Mimi ni mwanawe. Nimembeba mgongoni. Nilifukuzwa na mlango ambao haukunifukuza, nikapoteza miaka ambayo hairudi." Kisha akashusha sauti, mama asisikie. "Na daktari alinipima na mimi. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Kwangu umeshaanza. Nataka tuonane tukiwa bado na macho, yeye na mimi."

Mama Tumsifu akasema, "Mwana ana damu, mimi nina mikono. Nani alimshika kidevu wakati hana mtu? Nilimtia dawa nikiwa namchukia. Wewe ulimhudumia nani ukiwa unamchukia? Nisingekwenda, hicho kibomba kingekuta jicho limekwisha. Mimi mwanangu amekufa. Yule ndani ndiye peke yake katika kijiji hiki aliyekuwa akimchomea ndizi, na sijawahi kumtazama usoni tukamlilia mtoto pamoja kama watu."

"Ndiye wewe uliyetangaza kisimani kwamba ana maringo," akasema Eliapenda.

"Na wewe ndiye uliyemwacha peke yake na kuku."

Na yote mawili yalikuwa kweli.

Mzee Senkondo akagonga fimbo chini. "Jicho analofunguliwa ni langu. Nililitoa. Mtasema kipofu kigoda cha nini, hamwoni aliye mbele yake. Kweli, sitamwona. Tangu nipofuke, watu wananipisha, wananishika mkono, wananicheka na 'Pita, pita' yangu. Hakuna anayekaa akanitazama. Nataka mtu mmoja anione kabla sijafa. Nikitaka kuonwa na jicho nililolinunua kwa giza langu, nimeomba kingi?"

Nani amjibu?

Wakamwita Bibi Nakijwa achague. Akasema kutoka ndani, "Sichagui. Nimewaumiza nyote kwa kutowaona. Leo niumize wawili kwa kumwona mmoja? Chagueni nyie. Ila mmoja aje. Nimechoka kukaa peke yangu."

Aibu ikawashika. Eliapenda akasogea nyuma. "Pita wewe, mama." Mama Tumsifu akasogea nyuma. "Hapana. Apite mzee." Mzee Senkondo akapapasa ukuta, akarudi nyuma. "Apite mtoto." Wakawa wamesimama kando ya mlango, huyu kulia, huyu kushoto, na mzee nyuma yao, kimya, macho chini, kama walivyolelewa. Kila mmoja akimngoja mwenzake. Kila mmoja akingoja neno.

Ndani, Bibi Nakijwa alisikia ubishi, kisha akasikia kimya. Akatega sikio. Akangoja. Neno halikuja. Akadhani wameondoka.

Akainua mikono, akakifungua kitambaa mwenyewe. Ukungu ulikuwa umekwisha. Akaona mbele yake, safi kabisa, hata nyuzi za ngozi ya kigoda akaziona. Kigoda chenyewe kilikuwa kitupu. Nyuma ya kigoda akaona mlango uko wazi, na kwenye mlango hapakuwa na mtu. Hakukasirika. Alisema tu, polepole, "Haya. Nilishazoea." Akaanza kukikunja kile kitambaa.

Wale watatu walimsikia. Kila mmoja akainua mguu.

Nami naukomesha mguu huo hapo hapo hewani. Msiniambie waingie wote: mlango ni wa mtu mmoja, kigoda ni cha mtu mmoja, na jicho lile lina nafasi ya uso mmoja. Msinitazame mimi, mimi nimeshasema yangu. Mwana aliyeanza kupofuka, jirani aliyehudumia akiwa anachukia, na kipofu aliyetoa mwanga wake. Semeni upesi, kitambaa kimeshakunjwa, na Bibi Nakijwa anainuka akawape kuku chakula. Je, ni nani aliyestahili kukaa?